Swali la Kwanza Liwe Kuhusu Kikoba

Tumchukue mama lishe mmoja, wa kufikirika, ingawa wenzake wapo katika kila stendi ya mabasi. Anaamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko. Hadi saa nane mchana amesimama juu ya sufuria za wali na maharage, na kitu pekee kilichoingia tumboni mwake ni chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu, mara nne au tano. Saa tisa, wateja wakishapungua, anakwangua ukoko na mchuzi uliobaki, anashiba, anaanza kuosha vyombo. Siku moja anapimwa sukari, inakutwa imepanda. Anapewa karatasi: punguza wanga, acha vinywaji vitamu, punguza uzito, fanya mazoezi nusu saa kila siku, epuka mawazo. Anaikunja na kuitia kwenye pochi pamoja na noti za mauzo. Miezi mitatu baadaye sukari iko palepale, na yeye ameongeza jambo moja katika anayoyajua kuhusu nafsi yake: kwamba ni mzembe.

Mzembe huyu ana daftari. Ndani yake mna majina ya wateja wanaokula kwa mkopo, siku na kiasi, na hakuna hata mmoja anayethubutu kubishana na daftari hilo. Ana kikoba pia, na kwa miaka sita hajakosa mchango hata wiki moja, ikiwamo wiki aliyomzika mama yake. Ukimuuliza anawezaje, hasiti. Hela ya kikoba huitoa kwanza, kabla hajanunua mkaa, akaifunga kwenye pindo la khanga. Ikishafungwa pale, si yake tena.

Hoja ya safu hii iko katika pindo hilo. Mtu anayetaka kubadili maisha yake, awe anataka kupunguza uzito, kuacha pombe, kulala vizuri au kutoka katika huzuni iliyomkalia kifuani, mara nyingi huanza kwa kuorodhesha kasoro zake. Wanaomsaidia nao huongezea za kwao. Utafiti wa miongo kadhaa, pamoja na kazi iliyofanyika Harare na Nairobi, unaonyesha mlango mwingine: mtu aanze na lile analoliweza tayari, na pawepo wa kukaa naye hadi alihamishie kule anakoshindwa.

Wazo hili halikutoka kwa wasemaji wa majukwaani. Katika miaka ya 1980, Charles Rapp na wenzake katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, walikuwa wakiwahudumia watu wenye maradhi makali ya akili waliotoka hospitalini kurudi mitaani. Mafaili ya watu hao yalijaa dalili, vipimo na historia ya kurudiwa na ugonjwa. Kundi la Kansas likabadilisha maswali. Mtu huyu anaweza nini? Anapenda nini? Nani bado anamsalimu? Mwaka 1992 mwenzao wa chuoni hapo, Dennis Saleebey, alitoa kitabu kilichoutia mtazamo huo katika ufundishaji wa ustawi wa jamii.

Wanasaikolojia walifika baadaye kwa njia yao. Mwaka 1998 Martin Seligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, aliwalaumu wenzake kwamba wanajua mengi juu ya jinsi mtu anavyovunjika, na machache juu ya jinsi anavyosimama. Mwaka 2004, yeye na Christopher Peterson walichapisha kitabu kizito cha kurasa takriban 800 kilichotaja nguvu 24 za tabia: ushujaa, huruma, udadisi, shukrani, uadilifu, matumaini, ucheshi, uongozi na nyinginezo. Msomaji wa Kiswahili atauliza mara moja kama orodha iliyotungwa Pennsylvania inamfaa mtu wa Kajiado. Robert Biswas-Diener alikwishauliza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 aliwahoji Wamasai 123 nchini Kenya, wawindaji wa sili 71 kaskazini mwa Greenland na wanafunzi 519 wa chuo kikuu cha Illinois. Pote watu walikubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba nguvu hizo zipo, zinatamaniwa na mtoto anaweza kulelewa nazo. Tofauti zilikuwapo pia, hasa katika uzito ambao kila jamii inaupa sifa hii au ile.

Kuna matokeo mengine ya mwaka huohuo wa 2006 yanayostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Peterson, Seligman na Nansook Park walikusanya majibu ya watu zaidi ya 100,000 kutoka nchi 54 waliojaza dodoso la nguvu hizo kwenye intaneti. Hao ni watu wenye kompyuta na muda wa kujaza fomu, kwa hiyo tusiwafanye dunia nzima. Hata hivyo mpangilio ulijirudia nchi baada ya nchi. Watu walijiona wana huruma, haki, uaminifu na shukrani. Mwishoni kabisa, pamoja na tahadhari na unyenyekevu, palikuwa na uwezo wa kujizuia.

Sasa irudie ile karatasi ya mama lishe. Punguza, acha, epuka. Kila agizo limetwishwa juu ya uwezo ambao binadamu wengi wanajiona hawana wa kutosha. Ni kama kumtuma fundi akajenge ghorofa pale penye kichanga ilhali hatua ishirini mbele kuna mwamba. Mama huyu hana uhaba wa nidhamu. Daftari na kikoba vinamshuhudia. Nidhamu yake imekaa kwenye deni, ahadi na watu wanaomtegemea. Haijawahi kuitwa ikaja kwenye sahani.

Kuijua nguvu pekee hakutoshi, na hapa wengi wanakosea. Mwaka 2005 Seligman, Peterson na wenzao walichapisha jaribio lililosajili watu 577 kwenye intaneti na kuwagawa kwa bahati nasibu katika mazoezi mbalimbali ya wiki moja. Kundi moja lilitambua nguvu zake kuu, likaambiwa lizitumie zaidi. Kundi lingine lilizitambua, kisha likatakiwa kila siku kuitumia moja kwa namna mpya na tofauti. Kundi la kwanza lilichangamka kidogo, likarejea lilipokuwa. La pili lilionekana kuwa na furaha zaidi na dalili chache za sonona hata miezi sita baadaye. Mwaka 2012, nchini Kanada, Myriam Mongrain na mwenzake walirudia sehemu ya jaribio hilo. Furaha iliongezeka kweli, ila waliopewa kazi ya kukumbuka mambo mema ya utotoni nao walipanda vivyo hivyo, na kwa upande wa sonona zoezi halikuwashinda hao. Mwenye kuahidi kwamba dodoso la dakika 15 litageuza maisha ya mtu anavuka mipaka ya ushahidi. Kinachobaki baada ya mabishano hayo ni kidogo lakini kigumu: nguvu huzaa pale inapohamishwa, na kuhamisha huko si rahisi kwa mtu peke yake.

Hapo ndipo kocha wa ustawi anapoingia. Neno kocha lilitufikia kupitia mpira, na linabeba picha ya mtu anayepiga kelele pembeni ya uwanja. Kazi yenyewe ni ya sauti ya chini. Kocha hatambui ugonjwa wala haandiki dawa, na akikutana na majeraha makubwa ya nafsi anapaswa kumpeleka mhusika kwa mnasihi au daktari. Anauliza, anasikiliza, anamsaidia mtu kuchagua jambo moja, na wiki inayofuata anauliza limefikia wapi.

Namna ya kuuliza ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanasaikolojia Mmarekani William Miller alikuwa Norway, karibu na Bergen, akifanya mazoezi ya kuigiza na wanasaikolojia wenyeji: wao wakijifanya wagonjwa wa ulevi, yeye mtabibu. Walimkatiza mara kwa mara. Kwa nini umeuliza hilo? Kwa nini hukumshauri? Katika kuwajibu, Miller aligundua kanuni aliyokuwa akiifuata bila kuitaja. Alikuwa akimwacha mgonjwa mwenyewe aseme sababu za kubadilika. Aliiandika mwaka 1983, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakaitolea kitabu. Mlevi anayeambiwa anakunywa sana hujitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kujisadikisha. Akiulizwa ni nini kinamsumbua katika kunywa kwake, hoja inatoka kinywani mwake, na ni vigumu mtu kubishana na kinywa chake.

Turudi stendi. Kijana mhudumu wa afya amemkuta mama yetu akiosha vyombo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja na karatasi nyingine?”

“Leo sina karatasi. Nataka kujua, ile hela ya kikoba unaipataje siku biashara ikilala?”

“Ile haisubiri biashara. Ile inatoka kwanza.”

“Na nini kingine kwako kinatoka kwanza?”

Mama ananyamaza, mkono ungali ndani ya beseni. Kisha anacheka kidogo: “Chakula cha wateja. Changu mimi kinatoka mwisho.”

Sentensi hiyo ya mwisho ina thamani kuliko karatasi nzima, kwa kuwa ameisema yeye. Kilichobaki ni kuipangia mahali. Kabla ya mteja wa kwanza, anapakua sahani yake: mchicha mwingi, maharage, ugali wa kiasi cha ngumi. Anaifunika na kuiweka kando. Sahani hiyo imefungwa kwenye pindo la khanga, si ya biashara tena, na ukoko wa saa tisa umekosa tumbo tupu la kuingia. Jumamosi, badala ya kungoja wadeni waje, anawafuata kwa miguu mtaa kwa mtaa, daftari kwapani, na zoezi linapatikana bila kuitwa zoezi. Ukurasa wa mwisho wa daftari unaandikwa idadi ya vijiko vya sukari kwa siku, kama deni analojidai mwenyewe.

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Ujerumani na Marekani, alionyesha kwa majaribio mengi kwamba nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali maalumu hutekelezwa kuliko nia iliyoachwa hewani. “Nitakula vizuri” haina pa kushika. “Nikishaipua sufuria ya kwanza, napakua sahani yangu” ina mpini. Na subira inahitajika kuliko watu wanavyoambiwa. Phillippa Lally wa chuo kikuu cha UCL mjini London aliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea moja dogo kila mmoja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, muda wa kati wa jambo kugeuka mazoea ulikuwa siku 66, na tofauti kati ya watu ilianzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Habari hiyo ingemwokoa kila aliyeacha mpango mzima kwa sababu ya chapati moja ya Ijumaa.

Je, kuandamana na mtu hivi kunabadili mwili, au moyo tu? Jibu zito zaidi limetoka katika jaribio la Marekani la kuzuia kisukari, lililochapishwa mwaka 2002. Watu 3,234 waliokuwa karibu kuugua waligawanywa katika makundi. Waliopewa dawa ya metformin walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 31, wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kundi lingine lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kujishughulisha dakika 150 kwa wiki, kila mmoja akiwa na kocha wake na vipindi 16 vya ana kwa ana. Hao walipunguza kwa asilimia 58. Kwa waliozidi miaka 60 ilikuwa asilimia 71. Ushauri waliopewa haukutofautiana sana na ule ulio kwenye karatasi ya mama lishe. Wao walipewa mtu.

Mtu huyo si lazima awe na shahada, na uthibitisho ulio bora kabisa umetoka Afrika. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alitakiwa kuanzisha huduma katika kitongoji cha Mbare mjini Harare. Hakuwa na chumba, hakuwa na wauguzi. Alipewa bibi 14 waliokuwa wakijitolea kazi za afya ya jamii, na uwanja wa kliniki. Wakaweka benchi nje. Mwanzoni benchi lilitajwa kuwa la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Bibi hao ndio waliosema libadilishwe jina, likawa benchi la urafiki. Kwa Kishona, kiti cha kupeana maarifa. Walikataa pia maneno ya hospitalini. Walisema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, jambo ambalo Mswahili analielewa papo hapo, kwani kwetu nako mgonjwa wa sonona husemwa tu kwamba “ana mawazo”. Hatua za mazungumzo zikapewa majina matatu: kuifungua akili, kuinua, na kutia nguvu. Hilo la tatu kwa Kishona ni kusimbisa, na simba katika lugha hiyo maana yake ni nguvu.

Anayeketi benchini hutaja shida zake zote, kisha huchagua moja. Bibi hamchagulii. Wanatafuta pamoja hatua ambayo mhusika anaweza kuichukua na alichonacho, naye anakwenda, anajaribu, anarudi kueleza. Vipindi ni sita. Baadaye anakaribishwa katika kikundi cha waliopita benchi hilo, ambako watu huzungumza huku wakifuma mikoba ya kuuza. Jaribio lililofanyika katika kliniki 24 za Harare, lenye washiriki 573, wengi wao wanawake na zaidi ya theluthi wakiishi na VVU, lilichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa walioketi na wahudumu hao walikuwa chini ya asilimia 14. Katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa karibu nusu. Mfumo huo umevuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar.

Zanzibar haukukuta uwanja mtupu. Pwani yetu imekuwa na somo kwa vizazi vingi: mwanamke anayekabidhiwa msichana, akamfunda unyagoni, akabaki wake hata baada ya harusi, wa kukimbiliwa ndoa ikiyumba. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 na ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, kwao alikuwa pia mfundaji wa wari. Somo ana kasoro zake, na baadhi ya yaliyofundwa hayastahili kurudishwa. Lakini umbo la kazi yake, mtu mzima mmoja, mwenye siri, anayemjua mhusika kwa jina na haondoki baada ya kipindi kimoja, ndilo leo linalouzwa kwa saa katika hoteli za mijini.

Nairobi umbo hilo limepewa umri mwingine. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Tom Osborn na wenzake, imejipa jina la kitenzi chetu kinachosemwa juu ya mmea uliopata maji. Inafanya kazi na wanafunzi wa sekondari, kundi linalobeba uzito wa mitihani, karo na matarajio ya ukoo mzima. Wanaoongoza vikundi ni vijana waliomaliza sekondari si zamani. Vipindi ni vinne, kimoja kwa wiki, saa moja kila kimoja, na mada zake ni tatu: kwamba uwezo hukua, shukrani, na maadili ambayo kijana mwenyewe anayathamini. Ugonjwa hautajwi, kwa hiyo hakuna anayetoka darasani akiwa na alama usoni. Katika jaribio la wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, lililochapishwa mwaka 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopitia vipindi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti ilionekana hata miezi saba baadaye.

Lazima yasemwe mawili dhidi ya biashara hii ya ukocha. La kwanza, jina kocha halina ulinzi. Nchini Marekani upo mtihani wa taifa wa makocha wa afya na ustawi tangu mwaka 2017, na bado yeyote anaweza kujiita kocha bila kuufanya. Kenya ilitunga sheria ya wanasihi na wanasaikolojia mwaka 2014, lakini anayejitangaza mtandaoni kuwa kocha wa maisha hukutana na wateja kabla ya kukutana na sheria. Mtu anayemshawishi mgonjwa aache dawa za presha kwa sababu “nguvu iko ndani yako” anahatarisha maisha ya mtu.

La pili linauma zaidi. Maneno ya nguvu binafsi hugeuzwa kwa urahisi kuwa njia ya kumlaumu maskini. Mama lishe anasimama saa kumi kwa siku kwa sababu kodi ya kibanda haingoji, na mboga za majani zimepanda bei bila kumshauri. Bibi wa Mbare walilijua hilo. Shida inayochaguliwa benchini mara nyingi ni ya kazi, ya ndoa au ya pesa, na kikundi cha kufuma kinaleta mazungumzo pamoja na kipato. Kocha asiyeuliza juu ya kodi hajamaliza kuuliza.

Septemba 2023 Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vifaa, ikiwamo mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Tanzania nayo ina wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Ndio watu wanaobisha hodi, wanaojua nani kafiwa na nani kahama. Mashine mkobani itawapa namba, na mafunzo yao yakiongezewa siku chache za kujifunza kuuliza, mhudumu akishaisoma namba ile anaweza kuikunja karatasi, akavuta kigoda, akauliza kuhusu kikoba, kuhusu kwaya, kuhusu yule mtoto aliyesomeshwa kwa biashara ya vitumbua mpaka akahitimu. Mama atakuwa na mengi ya kusema, na mhudumu arudi Jumanne ijayo kuuliza ile sahani ya kwanza ilipakuliwa siku ngapi.